Bukavu, klima ya nini?

Anayejenga Bukavu leo, iwe Muhumba, Nguba au kule Panzi, akikaribia kupaua huulizwa swali ambalo baba yake hakuwahi kuulizwa: utaweka klima gani? Wenye uwezo wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaotaka mfumo mmoja wa nyumba nzima, mashine kubwa nje na mabomba mapana yanayopita juu ya plafo kupeleka ubaridi kila chumba. Wapo wanaosema hayo yamepitwa na wakati, chukua pampu ya joto, maana hiyo hupoza wakati wa jua na hupasha wakati wa mvua. Rai hii ya pili mara nyingi huja kwa simu kutoka Brussels au Ottawa, kwa ndugu anayetuma pesa za saruji, na huja na uzito wote wa mtu aliyeona kwa macho yake mashine hiyo ikimkinga na baridi ya Januari. Wanabishana, wanatumiana picha na bei, na katika ubishi wao wote kuna jambo wamelipitisha bila kulijadili: kwamba nyumba nzuri ya Bukavu ni lazima iwe na mashine ya kutengeneza hewa.

Jambo hilo ndilo ninalolipinga. Napinga klima kuu, napinga pampu ya joto ya sebuleni, na nasema pesa hiyo ina kazi mbili nyumbani ambazo bado hazijafanyika: paa, na maji ya moto.

Hewa kwanza. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wetu unaanzia ufukweni na kupanda milima. Wastani wa joto kwa mwaka hauendi mbali na nyuzi 20. Siku ya jua kali hewa hufika 25 au 26. Usiku hushuka hadi 15, wakati mwingine chini ya hapo. Mtu wa Dubai, ambako nje kunafika nyuzi 45, akiwasha klima yake huiweka kwenye 24. Kwa hiyo ile hewa anayoilipia kwa mwezi mzima ndiyo inayopita barabarani hapa Bukavu kila siku, mbele ya maskini na tajiri. Wabelgiji waliolivamia Kivu hawakujazana hapa kwa bahati. Walifuata ardhi na walifuata hewa hii, wakauita mji Costermansville, wakajijengea kwenye rasi zote zilizoingia ziwani. Katika nyumba zile hakukuwa na klima, na hakuna aliyeihitaji.

Basi joto tunalolalamikia linatoka wapi? Maana malalamiko ni ya kweli. Ingia saa nane mchana, mwezi wa nane, katika nyumba mpya ya matofali ya saruji. Juu kuna manjanja yaliyopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao, au kuna plafo ya tripleksi iliyofungwa pande zote bila tundu hata moja. Madirisha ni ya vioo vikubwa vya alumini, nusu yake haifunguki. Ukuta wa sebule unatazama magharibi kwa sababu huko ndiko kuna mandhari ya ziwa. Inua mkono wako wazi kuelekea plafo, usiguse kitu: utahisi joto likishuka kwenye kiganja. Toka sasa usimame chini ya mwembe au mparachichi wa jirani. Hewa ni ile ile, nyuzi 25, na mwili unatulia mara moja.

Kinachomchosha mtu ndani ya nyumba ile ni mnururisho wa paa. Bati lililopigwa na jua la saa sita hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na bati lenye kutu hupita zaidi ya lile jipya linalong'aa. Likishapata moto hulitupa joto lake chini, kwenye vichwa, kwenye vitanda, kwenye sakafu. Klima haizuii hilo. Inapoza hewa iliyo katikati huku paa likiendelea kuchoma kutoka juu. Ndiyo maana watu hukaa kwenye chumba cha klima wakiwa na baridi miguuni na joto utosini, wakaongeza nguvu ya mashine. Mashine inapambana na paa siku nzima, na anayelipia pambano hilo ni mwenye nyumba.

Bukavu iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Jua hutupita utosini, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa karibu sawa kabisa. Kwa nyumba, maana yake ni hii: paa hupokea jua kuliko kitu kingine chochote, ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, ukuta wa magharibi hupigwa jioni, na kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo mno, ambalo upana wa ukingo wa paa tu unatosha kuliziba. Fundi anayejua haya huweka vyumba vya kulala kaskazini na kusini, huweka stoo, choo na ngazi magharibi, na hutoa paa nje ya ukuta angalau hatua moja ndefu. Juu ya plafo huacha nafasi ya hewa yenye matundu pande mbili ili joto la bati litoke kabla halijashuka. Kazi hiyo haihitaji umeme, haihitaji fundi kutoka Kigali, na ikishafanyika inadumu miaka yote ya nyumba.

Mababu waliyajua haya bila hesabu. Nyumba ya Mushi wa zamani, ile ya duara iliyofunikwa kwa majani mazito hadi karibu na ardhi, ilikuwa paa tupu, na paa nene. Jua lilikwama kwenye majani, baridi ya usiku wa Kabare nayo ikakwama huko huko. Nyumba za wakoloni za mtaa wa La Botte zilifuata kanuni hiyo kwa vifaa vingine: barza pana, plafo ya juu, vitundu vya saruji chini ya paa. Sizisifii nyumba zile. Zilijengwa kwa jasho la watu waliopelekwa kulala Kadutu kwenye vyumba vya bati bila plafo. Lakini sayansi yake haina mwenyewe. Kinachoniuma ni kwamba tumeurithi mji uliojengwa kwa kuelewa jua, na leo tunabomoa barza ili kupata sebule kubwa zaidi, kisha tunatafuta mashine ya kurudisha kile barza ilichokuwa ikitupa.

Tuje kwenye mashine zenyewe, kwa sababu ubishi wa klima dhidi ya pampu ya joto huendeshwa kana kwamba ni vitu viwili vya jamii tofauti. Ni mashine moja. Kuna kompresa inayokandamiza gesi hadi ipate joto, kuna mabomba ambamo gesi hiyo hulitoa joto na kuwa kimiminika, kuna kitundu chembamba kinachoipunguzia mgandamizo, na kuna mabomba mengine ambamo inachemka tena na kufyonza joto la mahali ilipo. Friji ya jikoni hufanya hivyo hivyo. Klima hufyonza joto la chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto ni mashine ile ile iliyoongezewa vali ya kugeuza njia ya gesi, ili ikitakiwa ifyonze joto la nje na kuliingiza ndani. Sifa yake kubwa ni kwamba haitengenezi joto, inalihamisha tu, na kuhamisha ni kazi nyepesi: kwa uniti 1 ya umeme unaweza kupata uniti 3 za joto, hata 4 hewa ya nje ikiwa ya wastani.

Kwa mtu wa Ottawa hilo ni jambo kubwa. Kule nje kunafika nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani kunatakiwa 20 juu yake. Tofauti inafika nyuzi 40, na baridi inadumu miezi. Anapochagua mashine moja ya kumtosha majira yote badala ya tanuru la gesi na klima pembeni, anafanya uamuzi wa maana, na Wanorwe na Waswidi wameufanya zamani. Ndugu zetu wanasema kweli ya kule waliko. Lakini waiangalie tofauti ya hapa. Usiku wa mwezi wa saba nje kuna nyuzi 14, ndani ya nyumba yenye kuta nzito kuna 18 au 19. Blanketi moja na soksi vinamaliza suala. Mashine iliyoundwa kwa pengo la nyuzi 40 inaletwa kwa meli, kisha kwa lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam, kuja kuziba pengo la nyuzi chache.

Na inakuja kula umeme upi? Hapa ndipo nawaomba wajenzi wa Muhumba waangalie chini, kwenye daraja la Ruzizi. Mtambo wa Ruzizi ya kwanza, ulioanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, una uwezo wa karibu megawati 30 mashine zake zote zikizunguka. Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, ina karibu megawati 44, na hizo tunagawana na Rwanda na Burundi. Mara nyingi mashine hazizunguki zote. Chupa na mifuko ya plastiki tunayoitupa kwenye mitaro ya mji hushuka na mvua hadi ziwani, ikaelea mpaka kwenye mdomo wa mto, ikaziba njia ya maji ya kwenye mitambo, na watu hushinda na mitumbwi wakiiopoa. Huo ndio umeme wa mji wenye watu zaidi ya milioni moja.

Klima moja ya chumba hula karibu kilowati 1. Weka mfano wa nyumba elfu kumi tu za wenye nacho, kila moja ikiwasha klima moja saa nane mchana: ni megawati 10, theluthi ya Ruzizi ya kwanza. Mfumo wa nyumba nzima hula mara tatu au nne ya hapo. Anayewasha haoni chochote isipokuwa ubaridi. Anayeona ni jirani wa bondeni, aliyeunganishwa kwenye kabine ile ile ya umeme ya mtaa: taa inakuwa nyekundu kama kaa, friji ya mama muuza samaki inanguruma bila kupoza, mashine ya kusaga inakataa kuwaka. Nyaya za mitaa yetu zimeunganishwa kwa mikono ya kila mtu, na nyumba za mbao za Kadutu zimebanana mlimani. Kila mwaka tunashuhudia moto ukiruka paa kwa paa. Kuongeza mzigo wa kilowati juu ya nyaya hizo kwa ajili ya starehe ambayo dirisha linaweza kuitoa, hilo ni jambo la jirani na jirani, na mtu asiseme nyumba ni yake na pesa ni yake.

Najibiwa kwamba Ruzizi ya tatu inakuja. Na ije. Imepangwa kutoa megawati 206, nazo zitagawanywa kwa nchi tatu. Fungu letu likifika salama, kuna viwanda, kuna pampu za maji, kuna vyumba vya upasuaji, kuna mamia ya maelfu ya masufuria yanayopikiwa makala, yaani makaa. Foleni ni ndefu, na sebule yenye nyuzi 25 haipo mbele.

Nimetaja makala, na hapo ndipo naona pampu ya joto ingekuwa na heshima Bukavu, kama wanaoitetea wangeitoa sebuleni. Nyumba ya Bukavu haina shida ya hewa baridi wala hewa moto. Ina shida ya maji ya moto. Kuoga saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba kwa maji ya bomba ni adhabu. Mtoto mchanga hawezi, mzee hawezi, mama aliyejifungua hawezi. Kwa hiyo kila alfajiri mbabula inawashwa uani, sufuria kubwa inawekwa, na makala yanaungua.

Tupige hesabu. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 50, kiasi cha familia kuoga, kunahitaji uniti 3 na nusu za umeme kwenye boila ya kawaida ya waya. Pampu ya joto ya maji itafanya kazi hiyo kwa uniti 1 na kidogo, kwa sababu inafyonza joto la hewa yetu ya nyuzi 20, hewa ambayo haigandi wala haichomi, bora kabisa kwa mashine ya aina hiyo. Mtambo wa jua wa juu ya paa utaifanya kwa sifuri. Na mbabula ya kawaida, ambayo sehemu kubwa ya joto lake hupotelea pembeni ya sufuria, itakula kilo 2 za makala na zaidi. Kila kilo ya makala, kwenye tanuru la udongo la kienyeji, imemeza kilo 6 hadi 10 za kuni. Zidisha kwa siku, zidisha kwa nyumba za Ibanda, Kadutu na Bagira, kisha uangalie milima ya Kabare na Kalehe ilivyobaki na nyasi tupu. Makala mengine yanatoka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, ambayo tangu 1997 imo kwenye orodha ya hifadhi zilizo hatarini. Ngagi wa Kahuzi wanapoteza msitu, na sehemu ya msitu huo inaishia kwenye beseni la kuogea.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wauza klima hawaligusi kamwe. Ubaridi wa chumba hauwekwi akiba. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga saa saba mchana, ubaridi ulioununua tangu asubuhi unayeyuka ndani ya nusu saa, hasa chini ya paa lile la manjanja, na hapo ndipo jenereta inawashwa uani na mtaa mzima unavuta moshi wake. Lakini tangi la maji la lita 200 lililofungwa vizuri kwa sufi ya kioo hushika joto usiku kucha. Umeme ukija saa tano usiku na kuondoka saa nane, mashine imeshamaliza kazi, na asubuhi watu wanaoga. Katika mji wa umeme wa kukatika, akili inataka kifaa kinachotunza, na tangi linatunza.

Kwa nyumba ya familia nasema jua kwanza. Mtambo wa maji ya jua hauna kompresa ya kuungua umeme unaporudi kwa nguvu, na mafundi wetu wa mabomba wanaweza kuutengeneza. Pampu ya joto ya maji nawaachia wanaotumia maji ya moto kwa wingi: hospitali, nyumba za uzazi, shule za bweni, hoteli za ufukweni. Hao wa ufukweni wana bahati ambayo sijaona wakiitumia. Mwaka 1938 mji wa Zurich, Uswisi, uliwekea jengo lake la baraza pampu iliyochota joto kutoka maji baridi ya mto Limmat. Sisi tuna ziwa ambalo maji yake ya juu hukaa karibu na nyuzi 24 mwaka mzima. Nasisitiza maji ya juu. Yale ya kilindini, yenye methani na hewa ukaa, ni ya wataalamu na si ya kuchezewa na mwenye hoteli.

Wapo watakaosema: haya ni maneno ya watu wenye bomba na tangi, vipi sisi wa Cimpunda tunaochota kwa bidoni? Ni swali la haki kuliko yote. Kwao klima haikuwahi kuwa suala, ila paa ni suala lao kuliko mtu yeyote, kwa kuwa bati lao liko mita mbili tu juu ya kitanda. Plafo ya mikeka au tripleksi iliyowekwa mbali na nyaya, chokaa nyeupe juu ya bati, tundu la hewa pande mbili chini ya paa: hayo yanawezekana kidogo kidogo, mwezi huu chumba kimoja, mwezi ujao kingine. Na bidoni nyeusi iliyoachwa juani tangu saa tatu hadi saa tisa inatoa maji ya kumwogesha mtoto bila kipande cha kaa.

Sasa hoja za upande wa pili, zile zenye nguvu. Ya kwanza ni usalama. Watu wanafunga madirisha usiku kwa sababu ya wezi wenye silaha, na siku hizi hakuna anayeweza kuwacheka kwa hilo. Dirisha lililofungwa bila hewa ni mateso, nakubali. Lakini hewa ya usiku haihitaji dirisha la kupitisha mtu. Vitundu vya saruji vilivyojengwa ukutani karibu na plafo, upande huu na upande ule wa chumba, vyenye wavu wa mbu kwa ndani, hupitisha hewa usiku kucha na mkono wa mwizi haupiti. Mtaa mzima wa nyumba za zamani za Nyawera unavyo. Fundi mmoja alimwambia mwenye nyumba mbele yangu, “Papa, tukiacha matundu haya klima itafanya kazi bure,” na yule mzee akakubali yazibwe. Kilichozibwa pale ni pumzi ya nyumba.

Na kuziba kuna hatari yake, tena kubwa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya klima haivuji hewa. Siku umeme haupo na mvua inanyesha, mama anaingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto. Moshi hauonekani, makala yameshaiva, kila mtu anaona hakuna shida. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na katika chumba kisicho na tundu inaua familia nzima usingizini. Tumewazika watu kwa namna hiyo katika mji huu. Anayeuza mfumo wa nyumba iliyofungwa katika mji wa delestaji lazima ajibu kuhusu usiku huo.

Hoja ya pili ni kwamba dunia inapata joto. Ni kweli, imeshapanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu enzi za viwanda vya kwanza, na itapanda bado. Ongeza nyuzi 2 kwenye wastani wetu: tunafika 22. Ongeza kwenye mchana mkali kabisa: 28. Kwenye nyuzi 28, chini ya paa lililokaa sawa, feni ya wati 50 inamtosha mtu, na feni ishirini ndizo zinazolingana na klima moja. Tena gesi iliyomo ndani ya mashine hizi ni sehemu ya tatizo. Kilo 1 ya ile iitwayo R-410A ikivuja hupasha dunia kama kilo 2,000 hivi za hewa ukaa, na mafundi wengi huiachia hewani wanapotengeneza. Mkataba wa kuzipunguza gesi hizo ulikubaliwa Kigali, hapo tu ng'ambo ya Ruzizi, mwezi wa kumi 2016. Tutakuwa tunanunua kwa bei kubwa kile ambacho dunia inajiondolea.

Kuhusu unyevu, wanaosema klima itakausha ukungu wa kuta nawaambia waende nyuma ya nyumba. Tumechimba mlima, tukasimamisha ukuta ukigusana na udongo mwekundu, na maji ya mvua tangu mwezi wa tisa hadi wa tano yanapenya matofali. Mtaro nyuma ya nyumba na nafasi ya kupita mtu kati ya ukuta na mlima ndiyo dawa. Kukausha hewa huku ukuta unakunywa maji ni kazi isiyo na mwisho.

Sisemi mashine hizi hazina mahali. Maabara inazihitaji. Chumba cha upasuaji kinazihitaji, na vyumba vya kompyuta za kampuni za simu pia. Mhandisi Mmarekani Carrier alipotengeneza klima ya kwanza ya kisasa mwaka 1902 kule Brooklyn, alikuwa akiokoa karatasi za kiwanda cha uchapaji zisivimbe kwa unyevu. Na shuka barabara ya Ngomo hadi Uvira, mita 770 hivi juu ya bahari, ulale huko usiku mmoja wa mwezi wa tisa: mtu wa Uvira akiniambia anataka klima nitamsikiliza, nitamwomba tu atengeneze paa kwanza. Jimbo letu lina nchi mbili za hewa. Tatizo ni kwamba wa Bukavu ananunua suluhisho la Uvira, na wa Uvira hana pesa ya kulinunua.

Inabaki hoja ya kodi, na nafikiri hii ndiyo inayowasukuma wengi kuliko joto lenyewe. Wenye nyumba za Muhumba na Nguba walijenga kwa ajili ya wageni wa mashirika, na wageni walidai klima kwenye mkataba. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilifunga kazi zake Kivu Kusini mwezi wa sita 2024. Mwezi wa pili 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, benki zikafungwa, na wapangaji wa dola wakaondoka mmoja mmoja. Maboksi meupe yamebaki kwenye kuta za nje, mengine yameng'olewa usiku kwa ajili ya shaba. Ndani ya nyumba hizo sasa wanaishi watu wa familia, shangazi aliyetoka Kalehe, wapwa waliokosa shule, na wanafungua madirisha yale ambayo yanafunguka. Wanalikwepa jua kwa kuhamia upande wa mashariki ikifika mchana. Kwao, na kwa yeyote atakayeanza msingi mwaka huu, nashauri pesa ya klima igawanywe hivi: ukingo wa paa uongezwe, plafo ipate nafasi na matundu, bati lipakwe nyeupe, na kinachobaki kinunue tangi la jua la kuogea.